Kicheko Kilichoachwa Nje ya Barua

Kwetu milimani mtani hashtakiwi. Anaweza kukuita mla panya mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia katika kaburi la baba yako akakataa kutoka mpaka apewe kuku, nawe ukacheka huku machozi yanakutoka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Nilikua nikiamini kwamba hakuna ukuta wa boma ulio imara kuliko sheria hiyo.

Mwalimu mwenzangu alikuwa mtani wangu. Ukoo wa mama yake na ukoo wa mama yangu zimezikana tangu enzi za mababu. Tulifundisha pamoja mjini Morogoro katika shule ya Wadachi, yaani Wajerumani, nyumba ya mawe yenye madarasa mawili, yeye wadogo, mimi wakubwa. Jioni tulikaa ukingoni mwa mto tukasomeana hadithi tulizoandika. Tulikuwa vijana, na tuliishika kalamu kama watu washikavyo msahafu. Sentensi yangu ikiwa dhaifu alisema, "Hii ina homa, ipe kwinini." Sikuwa na msikilizaji mwingine, wala sikumtaka.

Mwaka ule Wadachi walipiga mstari mlimani. Juu ya mstari ni msitu wa serikali: asilime mtu, asikate mtu, asiingie mtu. Mwalimu mkuu, Mdachi mwenye sauti ya upole, aliniagiza niwaeleze wanafunzi faida yake. Nikaeleza. Msitu huita mvua, mvua hulisha mto. Ni kweli, na wazee wetu waliijua kweli hiyo bila vigingi. Ndipo akasimama mwanafunzi mmoja mrefu, mwenyeji wa upande wa Matombo.

"Mwalimu, bibi yangu amezikwa juu ya mstari. Tutakwendaje kumfagilia kaburi?"

Kabla sijajibu, mtani wangu alichungulia mlangoni.

"Mjibu mtoto, mla panya we! Msitu wa nani? Au umemeza ulimi pamoja na mkia?"

Darasa likapasuka kwa kicheko.

"Nyamaza, mwizi wa sanda! Namjibu." Na kwa kuwa swali sasa lilikuwa limepita kinywani mwa mtani, nilifungua kifua chote. "Msitu ni wa waliozikwa humo. Waliokuja juzi na reli wamepiga mstari bila kumwuliza mtu. Na asiyeuliza hajui kitu, hata akiwa na ramani kubwa kama mkeka wa harusi."

Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Kubwa kama mkeka wa harusi!" alirudia polepole. Nilidhani anarudia kwa sababu imempendeza.

Siku ya nne niliitwa ofisini. Juu ya meza palikuwa na barua, na mwandiko niliujua kama ninavyoujua uso wa mama yangu. Maneno yangu yote yalikuwamo, hata mkeka wa harusi. Panya hakuwamo. Mwizi wa sanda hakuwamo, wala yeye mwenyewe pale mlangoni. Aliandika kila kitu isipokuwa kicheko.

"Umesema haya?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Nimesema."

"Shule si baraza. Mwalimu wa serikali hufundisha alichoagizwa." Akamtazama mwenzangu, aliyeketi karibu na dirisha. "Lakini huyu ananiambia mna desturi ya mzaha. Simama mbele ya darasa, sema ulikuwa mzaha, uendelee na kazi yako."

Mtani wangu akainama kunielekea. "Sema, ndugu yangu. Ni utani tu. Nani atakulaumu?"

Hapo ndipo nilipochomwa zaidi kuliko kwenye barua. Akilini nilimwona yule mwanafunzi mrefu ameketi darasani, akinisikiliza nikimwambia kwamba kaburi la bibi yake lilikuwa mzaha.

"Utani ni wangu na huyu," nikasema. "Mwanafunzi aliniuliza jambo la kweli, nikamjibu kweli."

Nilikabidhi chaki na funguo siku ileile, nikapanda kwetu kulima ndizi. Nilisikia kwamba mwenzangu sasa anafundisha madarasa yote mawili. Hadi leo sijui kama alikuja mlangoni na barua tayari moyoni, au ilizaliwa baadaye, akiwa peke yake na wino. Yote mawili nimeyafikiri, na yote mawili yananiuma.

Masika yaliyofuata alifariki mjomba wangu. Watani walikuja, naye akaja, amepanda njia yote ya utelezi kwa kanzu nyeupe. Alinyakua jembe mikononi mwa wachimbaji, akarukia kaburini.

"Sitoki! Mzee huyu alikuwa mchoyo, na mpwa wake kamzidi! Lete kuku, mla panya we!"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Ilikuwa zamu yangu. Matusi kumi yalinijia, matamu, yamepangika kama yale tuliyokuwa tukiyachonga pale mtoni. Alinitazama kutoka chini, tope mpaka magotini, nikaona kwamba anangoja. Tusi moja tu lingetosha; kwetu hivyo ndivyo watu wanavyosameheana.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema. "Ahsante kwa kuja."

Kicheko kilikatika. Shangazi yangu alishika mdomo. Mtani wangu akalaza jembe ukingoni mwa kaburi, akapanda juu taratibu, akaondoka bila kudai kuku.