Mshindani wangu alikuwa kwenye boti ileile

Jamani, leo nimepigwa butwaa, mpaka sasa sijakaa sawa.

Asubuhi tumepanda boti kwenda Mwamgongo, wakandarasi tulioitwa kuona kiwanja cha bweni la shule kabla ya kuomba zabuni.

Nageuka, namwona Bonifasi. Fundi wangu mkuu. Yule niliyemfundisha kushika mwiko nikiwa bado fundi wa mtaani Ujiji, kabla sijafungua kampuni.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Nani kakutuma huku?"

Akaangalia ziwa. "Nimekuja kwa kampuni yangu. Usajili umetoka juzi. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Tumekaa bega kwa bega mpaka tunafika, mimi nasikia injini tu.

Sasa sikilizeni. Kile kiwanja kina mteremko, lazima upime, na kila mmoja wetu alikuwa amekuja peke yake. Tepu ndefu haishikwi na mtu mmoja.

Basi akanishikia. Kisha nikamshikia. Hakuna aliyechungulia vipimo vya mwenzake.

Tulivyorudi, tukiwa tunashuka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kesho nije kazini saiti yako ya Bangwe, au ndiyo basi?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. "Njoo," nikamwambia. "Kuna zege la kumwaga. Mambo ya zabuni tutapambana hukohuko."

Mke wangu anasema nimelea mshindani ndani ya nyumba. Mimi bado nimeshika kichwa.

Nyie mngemjibuje?