Boya Kwenye Maji ya Moto

Nitamwelezea mzee Wilfred kama nilivyomjua, na nilimjua kwa chuki. Ni fundi wa kabureta, mtu wa Masasi, umri wake sitini na tatu, na benchi lake la mbao lilikuwa limeegemea ukuta wa duka langu la spea hapa Tandika, kwenye gereji bubu isiyo na kibao wala kibali. Mimi ni Vaileth. Kwa miaka saba hatukusalimiana.

Alianza yeye. Wiki niliyofungua duka nilimwamkia asubuhi tatu mfululizo. "Shikamoo, mzee." Kimya. Siku ya kwanza nikasema ana mawazo. Ya pili nikasema labda hakulala. Ya tatu nikasimama mlangoni na ufunguo mkononi, hatua mbili kutoka begani kwake, nikaamkia tena, naye akaendelea kusugua kabureta ya watu kwa petroli. Mtu anayekunyima marahaba, kitu kisicholipiwa, ana roho ya namna gani? Nikaapa hataisikia tena shikamoo yangu, na roho yake mbaya nikaitangaza gereji nzima.

Naye alilipiza. Mteja akija na kifaa kutoka kwangu, Wilfred alikishika kwa vidole viwili, akauliza, "Umetoa kwa huyo binti wa spea? Pole." Na watu walimwamini, maana kazi anaijua, hilo silibishi. Magari ya kabureta yamebaki machache mjini na vijana wanachomeka kompyuta, lakini pikapu za zamani bado zinaletwa kwake kutoka Ukonga hadi Mabibo. Huziba mdomo wa kabureta kwa kiganja. Injini ikichangamka, anajua kuna mahali panaiba hewa. Kisha huinamisha kichwa upande, sikio moja juu ya injini, kama kuku anayemtazama mwewe. Vijana waliuiga hata ule mkao.

Vita vyetu vilipamba moto mwaka huu kwa sababu ya Gaspar, anayebeba nyanya kutoka soko la Mabibo kwa pikapu ya mwaka themanini na nne. Pikapu ilikuwa inamwaga petroli, inatoa moshi mweusi na kuzimika ovyo. Wilfred akalihukumu boya, kile kibuyu kidogo cha shaba kinachoelea ndani ya kabureta na kuisukuma sindano izibe petroli ikijaa. Gaspar akanunua boya jipya kwangu. Baada ya siku nne akarudi, petroli inachuruzika vilevile.

Wilfred akalichomoa lile boya jipya, akalitikisa sikioni.

"Lina petroli ndani. Limetoboka. Si nilisema? Yule binti anauza makopo!"

Alisema kwa sauti ya kunadia samaki kwenye soko la Feri. Gereji nzima ikageuka.

Nikatoka mbio, nikasimama mbele ya uso wake. "Mzee, unanichafulia jina! Boya langu zima!"

"Mie naambiwa na sikio langu, sio na wewe!"

"Sikio sio ushahidi! Mwanaasha, maji yamechemka?"

Mwanaasha, mama ntilie wetu, akaleta sufuria ya maji ya moto. Fundi yeyote anajua kwamba boya lenye tundu, ukilizamisha kwenye maji ya moto, litatoa vipovu. Tukawekeana sharti mbele ya watu. Vikitoka, nafunga duka. Visipotoka, benchi lake linaondoka ukutani kwangu. Niliogopa, sitaficha. Duka lile ndilo linalosomesha wanangu wawili, na boya lenyewe sikulitengeneza mimi.

Wilfred akalizamisha kwa koleo. Tukakodoa macho. Hakuna kipovu.

"Maji yamepoa," akasema.

Mwanaasha akaongeza mengine yanayofoka. Hakuna.

"Sasa boya nani hapa?" kijana mmoja akadakia, na gereji ikaangua kicheko, maana huku kwetu boya ni mjinga pia. Nilicheka kuliko wote.

Wilfred akaliweka koleo kando. Akaichukua ile sindano ya kabureta, akaifuta, akapitisha ukucha kwenye ncha yake. Ukucha ukakwama kwenye mfuo. "Imelika," akasema taratibu. "Ndo maana haizibi. Kosa langu, Gaspar." Nikampa Gaspar sindano mpya pamoja na kiti inapokalia, Wilfred akavifunga, na pikapu ikanguruma bila moshi. Kisha akaizima, akalivuta benchi likakwaruza ukuta, akaanza kukusanya bisibisi zake. Sharti ni sharti.

Nikasimama mlangoni kuufaidi ushindi wangu. Nikaona ameacha koleo kwenye dirisha la duka.

"Mzee, koleo lako hili," nikasema.

Kimya. Damu ikanichemka. Hata leo, dharau ileile! Nikakibamiza kishada cha funguo kwenye kaunta ya bati. Gaspar akaruka. Mwanaasha akageuka na mwiko mkononi. Wilfred aliendelea kuviringisha bisibisi kwenye kitambaa, hatua mbili kutoka kwangu, sikio lake la kushoto limenielekea.

Benchi lake linatazama barabara. Mlango wangu uko kushoto kwake. Magomvi yetu yote yalikuwa ya makelele, uso kwa uso. Ni shikamoo tu niliyoitoa kwa sauti ya adabu, tena upande ule. Na ndani ya lile boya, hata kwa sikio la kulia lililobaki, hakusikia kitu. Alibahatisha, maana fundi anayesifiwa sikio atasemaje kwamba sikio limekufa? Nikaona aibu.

Nikalizunguka benchi, nikasimama kulia kwake.

"Shikamoo, mzee Wilfred."

Mikono yake ikasimama. Akanitazama kwa jicho kali.

"Leo ndo umejua kusalimia? Miaka saba nakaa na mtu asiyejua hata shikamoo! Nilikuwaga najiuliza, huko kwenu hamfunzwi?"

Majibu yalinijaa mdomoni, na watu walikuwa wametega masikio. Ningesema neno moja tu kuhusu sikio lake, asingeletewa injini nyingine mpaka kufa kwake.

"Lirudishe benchi," nikamwambia. "Unachubua rangi ya ukuta wangu."

Nilisema kwa sauti kubwa, na sikuondoka kulia kwake mpaka nilipoona amesikia.