Ibtisam Aifundisha Programu Kungoja

Saa moja asubuhi, Goba. Maduka hayajafunguliwa. Ibtisam Zahor anakunywa funda la chai ya tangawizi, kisha anachomoa waya wa umeme wa seva kwa mkono wake mwenyewe.

"Sista, una wazimu?" Erasmus, mwenzake wa ofisini, anaruka kitini.

"Kaa, braza. Nikirudisha umeme hatuigusi, iamke yenyewe."

Kampuni yao ndogo inaendesha programu ya mauzo kwa maduka ya dawa ya Temeke na Kinondoni. Kwa miaka miwili, umeme ukikatika na kurudi, programu haikuwa ikiamka yenyewe. Wauzaji walimpigia Ibtisam, naye akafungua laptopu popote alipokuwa, hata kwenye hitma ya shangazi yake.

Jumamosi hii mdogo wake, Lulu, anaolewa Chamazi. Mama yao, Bi. Somoe, ameshatoa amri.

"Hiyo laptopu ikivuka mlango wangu, naitia kwenye sufuria la pilau," anasema, wala hacheki.

Programu hiyo hukaa ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye kila kitu inachohitaji ili ifanye kazi. Ilikuwa ikiwahi kuamka kuliko kanzidata, mahali kumbukumbu za mauzo zinapotunzwa. Ikaibishia hodi mara tatu. Isipojibiwa, ikajizima.

"Imelelewa Kipwani," Ibtisam anacheka. "Hodi tatu, kimya, inarudi zake. Na aliyeiandika hivyo ni mie!"

Sasa ameiambia ingoje mpaka kanzidata iitike. Kifurushi chenyewe amekipunguza pia. Zamani kukitengeneza upya kulimaliza muda wa chakula cha mchana. Leo chai haipoi.

"Kila mtu aliongeza, hakuna aliyetoa. Nikauliza kimoja kimoja: we humu unafanya nini? Kisicho na jibu, nje."

Anarudisha waya. Seva inanguruma. Kwenye skrini, maandishi mekundu.

"Inabisha," Erasmus ananong'ona. "Tena. Ya tatu hiyo… Sista, itaondoka!"

Ibtisam amekunja mikono. Inabisha mara ya nne. Ya tano. Kisha maandishi yanageuka kijani, na hakuna aliyegusa kitu.

"Haya, Ijumaa laptopu inalala kwako," anamwambia Erasmus.

Jioni hiyo, mkesha wa arusi ya Lulu, anataka kukaa mkekani na wenzake apakwe hina mikono yote miwili.

"Arusi ya kaka nilipakwa mmoja tu," anasema. "Wa pili ulikuwa kazini."