Mshale Uliokwama Kwenye Nusu

Mwaka mmoja kabla ya uhuru nilikuwa na pikipiki kuukuu niliyouziwa na karani wa pamba aliyehamishwa. Mita ya maili ilikuwa imekufa, na mshale wa mafuta juu ya tangi ulikwama kwenye nusu, tangi liwe limejaa au liwe tupu. Sikujali. Nilikuwa nafundisha Butimba, siendi mbali, na kila Jumamosi nilitia petroli, basi.

Ijumaa moja asubuhi jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, kijijini kwetu, alivuka kutoka Kamanga, akanikuta nyumbani. "Mama katutoka alfajiri," akasema. "Wanazika alasiri." Kwetu maiti hakai. Mimi ndiye mtoto wa kiume wa pekee, na kuingia kaburini kumpokea mama ilikuwa kazi yangu.

Nilivuka kwa kivuko na pikipiki yangu. Zikiwa zimebaki maili nane hivi kufika kijijini ikakohoa, ikazima. Mshale ulionyesha nusu. Niliiacha uani kwa mtu, nikatembea, nikakimbia, nikatembea. Nilipofika walikuwa wanamwagia maji udongo wa kaburi. Binamu yangu alikuwa na udongo magotini.

"Kazi ya Mungu haina makosa," waliniambia mmoja baada ya mwingine. Niliitikia ndiyo. Sikuhisi kitu. Wali ulipoletwa nilikula, nikaongeza.

Baada ya hitima niliipakia pikipiki kwenye lori la pamba mpaka Kamanga, nikavuka nayo, nikaisukuma hadi kwa fundi mmoja mzee wa Mkuyuni. Nilitaka mita na mshale vitengenezwe siku hiyo hiyo. Mtu aliyefiwa ana mambo mengi ya kushughulikia. Mimi nilishughulikia hilo.

Waya wa mita ulikuwa umekatika karibu na gurudumu. Akaweka mwingine. Mkono wa boya linalosukuma mshale, ndani ya tangi, ulikuwa umeshika kutu, na ili autoe ilimbidi kwanza amwage kilichomo. Akaweka karai chini. Petroli ikatoka, ikaendelea kutoka.

"Si ulisema iliisha?"

"Iliisha, mzee."

"Hukufungua akiba?"

"Akiba gani?"

Akaninyooshea kidole chini ya tangi, kwenye koki ndogo ambayo sikuwahi kuigusa. "Mafuta ya juu yakiisha, unageuza hapa. Haya ya chini ndiyo ya kukufikisha. Aliyekuuzia hakukuonyesha?"

"Hakunionyesha." Wala mimi sikuuliza; mwalimu haulizi. "Hayo yangefika maili nane?"

Alitazama karai. "Ungefika, na kivukoni ungerudi. Kwani ulikuwa unawahi nini?"

Nikamwambia nilikuwa nawahi kumshusha mama kaburini.

Fundi aliweka bisibisi chini, kisha akaendelea na boya. Nilibaki nimekaa palepale nikiitazama petroli, na bado sikulia.