Nilipoambiwa Nipige Mbizi

Juzi, kwenye kivuko cha Kindu, nilimwona mwanamke akisugua sufuria ya shaba kwa mchanga, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Mama yangu, Mugenya wa kabila la wavuvi wa mtoni, alikuwa ameniacha ukingoni na kapu la samaki, akaenda kutafuta wanunuzi. Pale Bi Zuhura na wenzake walikuwa wakiosha vyombo vya harusi. Hewa ilinuka tope na mawese. Ghafla sufuria kubwa ya wali ilimponyoka Bi Zuhura, ikazama.

"Nani anajua kupiga mbizi?" alilia.

Kiswahili ndiyo kwanza nilikuwa ninajifunza, na kupiga nilikujua kwa fimbo tu. Nikamwuliza, "Mama, huyu Mbizi njo nani? Iko wapi, nimupige?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akanionyesha kwa mikono: kichwa chini, miguu juu. Kumbe ni hilo tu! Nikajitupa majini. Chini kulikuwa na giza na baridi. Nilipapasa tope nikakosa, nikavuta pumzi juu, nikarudi, na safari hii vidole vikagusa shaba. Nikaibuka nayo.

"Mupigieni huyu mutoto vigelegele!" Bi Zuhura akapaza sauti.

Vigelegele nilidhani ni aina ya fimbo. Nikafumba macho, nikaikumbatia sufuria, nikangoja. Leo najua kwamba kupigwa na kupigiwa ni mambo mawili. Sauti zao zilipanda pamoja, ndefu, mpaka mama akaja mbio akidhani bibi harusi amefika. Alinikuta mimi, nimelowa chapachapa, nacheka.