Komanda aliniletea barua ya vitisho nisahihishe makosa

Wakuu, salamu kutoka vilimani Masisi, mashariki mwa Kongo. Haya sikusimuliwa, kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu mwenyewe.

Ninafundisha darasa la sita. Huku vikundi vya silaha ni vingi, na kila kimoja kinajiita mtetezi wa raia. Kuna siku watetezi wanazidi raia.

Asubuhi moja komanda wa kikundi kimoja akaingia darasani na karatasi. Nilimfundisha zamani, insha zake nazikumbuka kwa uchungu.

Barua ilikuwa ya kwenda kijiji cha ng'ambo ya mto: "Wao wote waondoke kwa siku tatu. Wao njo adui. Wakibaki, moto."

Aliogopa wanakijiji watacheka maandishi yake. Kuchoma nyumba hakukumtia aibu, imla ndiyo ilimtia.

Mnisamehe, nilianza kusahihisha kweli, "njo" nikaigeuza "ndio". Ualimu ni ugonjwa. Niliporudi kwenye "wao", mkono ukagoma.

Nikamweleza polepole, kama ninavyoeleza watoto: "wao" inashika nafasi ya majina. Sasa majina yenyewe ni yapi?

Akasema ni bale ba ng'ambo. Nikamwambia hapo bado hujataja mtu.

Akaanza na muuza ndizi mmoja, aliyekosana naye zamani. Akafuata mkunga aliyemzalisha mke wake. Hapo sauti ikapungua. Wa tatu alikuwa Mama Furaha, dada yake mwenyewe, aliyeolewa kule.

"Huyu umutoe," akasema.

"Na watoto wake?"

"Mwalimu, weye unasahihisha ao unanihukumu?"

"Nasahihisha, kijana wangu. Sentensi yako iko na bantu ndani, watu wenye majina."

Akakunja karatasi, akaondoka.

Msinipigie makofi. Baada ya wiki mbili barua ilikwenda, imeandikwa na mwingine, "wao" zote zimo. Nyumba zikachomwa.

Ila komanda alikuwa amemtonya dada yake, na Mama Furaha hajui kutunza siri. Kijiji kizima kilikuwa kimevuna maharage na kuvusha wazee. Moto ulikuta nyumba tupu.

Nilichojifunza: madai ya ardhi na dhuluma huku mengine ni ya kweli, msiyadharau. Lakini mtu akisema "wao" wanastahili moto, mwombeni majina, kwa upole. Akiyataja yote bila kusita, kimbieni.

Siku hizi komanda anajisifu kwamba hakuua mtu. Namjibu kwamba zile nyumba zilikuwa na wenyewe, na wengine sasa wanalala darasani kwangu. Anasema nashukuru vibaya.

Nyinyi mngemjibuje?