Aliyelazwa kwa Uzima Wake

Mtaa mzima ulimwita Chuma, na jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa fundi makochi, mwanamke mwenye viganja vigumu kama soli ya kiatu, anayeweza kulipindua sofa la watu watatu peke yake, akalivua kitambaa kama mtu anayemenya ndizi, na jioni akarudi nyumbani akiimba. Homa hakuijua. Kichwa kilimuuma mara moja tu maishani, siku alipojigonga kwenye mlango wa karakana, na hata siku hiyo kilichohitaji matengenezo ni mlango.

Dada yake mkubwa, waliyetoka naye tumbo moja, aliitwa Hoi. Huyo alikuwa mgonjwa tangu watu walipomfahamu. Leo figo, kesho mgongo, keshokutwa kitu kisicho na jina kinachohama kutoka bega la kushoto kwenda la kulia. Alitembea na mfuko wa plastiki uliojaa dawa, na akiutua mezani watu hushusha sauti. Katika ukoo wao kiti chenye mto kilikuwa cha Hoi, kipande laini cha nyama kilikuwa cha Hoi, na vya kubebwa vyote vilikuwa vya Chuma.

Siku moja Chuma alimsindikiza dada yake hospitali, kama kawaida. Wakiwa kwenye benchi, akapita nesi mwenye miwani. Akamtazama Hoi, akamruka. Akamkazia macho Chuma.

"Wewe dada, unaumwa nini?"

"Siumwi. Nimesindikiza tu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nesi akainama, akapunguza sauti. "Na hedhi yako, inakuja kwa wakati?"

Chuma akatazama kushoto na kulia. "Kama mama mkwe. Haikosei siku, na haibishi hodi."

"Basi wewe ndiye tunayekutafuta," nesi akasema, akamshika mkono.

Walimpeleka kwa daktari mmoja mwembamba, mwanamke anayezungumza kwa mikono miwili. Daktari akamweleza kwamba tumbo likiwa tupu hutoa homoni, mjumbe wa kwenda kuuambia ubongo kwamba nyumbani hakuna chakula. Na ubongo huohuo ndio unaotuma homoni za kuamuru mayai ya mwanamke yakomae. Sasa walitaka kujua: mwanamke mzima akiwekewa homoni ya njaa kwenye mshipa, taratibu, kwa dripu, zile homoni zake za uzazi zitashuka, zitapanda, au zitakaa zilivyo?

"Utakuja siku moja mwezi huu na siku nyingine mwezi ujao," daktari akasema. "Moja utapata homoni, nyingine maji ya chumvi tu. Ipi ni ipi, wewe hutajua. Nesi hatajua. Hata mimi sitajua mpaka mwisho."

"Nani anajua, sasa?"

"Mtu wa famasia."

"Na yeye mnamwamini?"

"Tunajitahidi."

Daktari akamwambia pia kwamba yuko huru kukataa, na kwamba hata akikubali anaweza kuondoka wakati wowote. Chuma hakuhitaji kufikiri sana. Miaka yote aliyokaa kwenye benchi lile alijiona kama mwavuli siku ya jua. Leo, katika jengo zima, aliyetakiwa ni yeye. Akakubali.

Kosa lake lilikuwa kumwambia mumewe. Mumewe alikuwa kinyozi, na kumwambia kinyozi jambo ni sawa na kulibandika ukutani. Asubuhi ilisemwa kwenye kiti cha kunyolea kwamba Chuma atawekewa homoni. Adhuhuri zikawa homoni za fahali. Alasiri mteja mmoja, povu limemjaa shavuni, akatoa hukumu: "Ataota ndevu huyo. Kinyozi, umepata mteja wa kudumu, tena analala kwako." Watu wakacheka hadi wakashika ukuta. Kinyozi naye akacheka. Lakini jioni, wakila, Chuma alimkuta amemkodolea macho kidevuni.

"Unatafuta nini?"

"Chumvi," mume akajibu.

Siku ilipofika, Chuma alilala kwenye kitanda cheupe, sindano mkono huu ya kuingiza, sindano mkono ule ya kutoa. Kila baada ya muda kidogo nesi alikuja kuchota damu, akaondoka nayo kama mtu anayeonja mboga. Chuma hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake, kwa maagizo. Alikuwa ametulia, anakadiria kitambaa cha kiti cha nesi kingehitaji mita ngapi, mlango ulipofunguliwa wakaingia ndugu.

Mtu akilazwa, hutembelewa. Ndivyo walivyojua, nani awalaumu? Mbele alikuwa shangazi yao, mwanamke mpana, amekumbatia hotpoti.

"Mwanangu! Ugonjwa gani?"

"Sina ugonjwa, shangazi."

Shangazi akawageukia wenzake. "Wamemficha, maskini." Mmoja akaanza kulia. Mwingine akaanza kumwombea. Shangazi akafungua hotpoti, na harufu ya kuku wa kukaanga ikapanda, ikazunguka chumba, ikaja kukaa juu ya mto wa Chuma.

"Samahani mama," nesi akasema, "haruhusiwi kula."

"Mnamnyima mgonjwa chakula?"

"Si mgonjwa, mama."

"Kama si mgonjwa, si ale?"

Nesi akaisogeza hotpoti mbali na kitanda. Chuma mate yalimjaa. Tumbo lilinguruma mpaka aliyekuwa akiomba akapoteza maneno.

"Nesi," Chuma akasema kwa sauti ya mtu anayezama, "homoni imeingia. Leo ningekula hata hili godoro, na mimi ndani ya magodoro najua kuna nini."

Hapo ndipo Hoi alipofika. Akasimama mlangoni na mfuko wake wa dawa. Kitandani yupo mtu mwingine. Machozi yanamwagwa kwa ajili ya mtu mwingine. Akaguna. Hakuna aliyegeuka. Akaguna tena, akashika kiuno. Shangazi akamwambia asogee kidogo, anaziba feni. Basi Hoi akajivuta hadi kitanda cha pili, kilichokuwa kitupu, akajilaza chali.

"Dada, shuka," nesi akasema. "Hicho ni cha washiriki wa utafiti. Hapa wagonjwa hawaruhusiwi."

Hoi akaketi. "Mgonjwa nani?"

Sasa wote wakageuka.

"Si wewe, na figo zako," shangazi akasema.

"Figo za nani? Mimi ni mzima! Mzima kumshinda huyo aliyelala hapo!"

"Na hizo dawa?"

"Umewahi kuniona nameza? Vidonge vinanikwama kooni. Nabeba tu!"

Kijiko cha shangazi kikaanguka sakafuni. Chuma, mikono yote miwili imefungwa sindano, alicheka hadi kitanda kikatikisika na nesi akamsihi atulie, atamharibia damu.

Daktari akaitwa, akasema kwamba anayedai ni mzima apimwe. Hoi akapimwa. Juma lililofuata wakaitwa dada wote wawili, na daktari akasoma majibu akitabasamu. Damu safi. Figo safi. Moyo kama wa msichana. Homoni za uzazi zimepangika vizuri ajabu. "Kati ya wote tuliowapima, hakuna aliyekuzidi wewe."

Hoi akaichukua karatasi ya majibu, akaigeuza nyuma na mbele. Kisha kidevu kikaanza kutetemeka.

"Hata kasoro moja?"

"Hata moja."

"Angalieni tena bega."

Wakaangalia bega. Lilikuwa bega tu.

Machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza maishani Chuma alimwonea dada yake huruma ya kweli. Akamsogelea, akamshika mkono. "Usilie, dada. Uzima hauui. Mwanzoni tu, watu watakubebesha vitu."

Hoi akaingia kwenye utafiti. Chuma alirudi mwezi uliofuata kwa dripu yake ya pili. Safari hii mlinzi wa getini alikuwa ameshaagizwa kuhusu hotpoti, kwa hiyo Chuma alilala usingizi mzito, akikoroma.

Utafiti ulipokwisha, daktari aliwaita washiriki. Akasema baadhi ya wanawake homoni zao za uzazi zilipungua kidogo dripu ya homoni ilipokuwa ikiendelea, wengine hazikutikisika kabisa, na kwa watu wachache namna hii asingethubutu kuapa lolote.

"Na mimi?" Chuma akauliza.

"Zako zilishuka kidogo siku ya pili. Siku ya kwanza yalikuwa maji ya chumvi."

"Maji ya chumvi? Na ile njaa?"

"Ile ilikuwa yako mwenyewe."

"Ile ilikuwa ya shangazi," Chuma akasema.

Hoi hakuuliza yake. Yeye alikuwa ameshabadilika. Alitembea mtaani akiwapa watu pole kwa afya zao, akimwambia huyu ngozi yake haina nuru, yule anapumua vibaya, "mimi nimepimwa, najua." Ndugu walivumilia miezi miwili, kisha shangazi akampa kapu la sokoni abebe. Akabeba. Siku nyingine akapewa mawili.

Mwishowe alikwenda karakana kwa mdogo wake, akasimama mlangoni mikono mitupu. "Huna kazi yoyote humu?" Chuma akamwonyesha kochi refu la kupelekwa ghorofa ya tatu. Wakalinyanyua, Hoi mbele, Chuma nyuma. Kwenye kona ya kwanza ya ngazi likakwama, na majirani wote wakatoka kuwasikiliza wakigombana, kwa mapafu yenye afya kamili, kama lipite kwa mgongo au kwa ubavu.